Mkono wa kamera ninao, kamera sina: niache kazi ya TV nikakope?

Shikamoo dada,

Nafuatilia sana hii safu yako na nimeona unajibu watu kwa kuwaambia ukweli, ndo maana na mimi nimeamua kuandika. Ni kijana wa miaka 28, naishi Tabata, nimeoa mwaka juzi na mke wangu ana ujauzito wa miezi sita. Nimeajiriwa kameramani kwenye kituo kimoja cha TV hapa Dar, jina naomba nisiliseme. Niliingia 2020 kwa fildi ya chuo wakanibakisha na tangu hapo ndo nipo. Kazi naipenda dada, naipenda kwelikweli, mtu akinipa kamera nasahau hata kula. Shida ni hela.

Mkononi napokea 480,000. Kodi ya nyumba, nauli, kliniki ya mama, hela kidogo natuma kwa mzee kijijini, tarehe kumi sina kitu. Na wala haiji kwa wakati, mara ya mwisho mshahara wa mwezi ulioisha tumeupata tarehe 17. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili na uliisha zamani, nilienda kuuliza HR nikaambiwa we endelea na kazi tu utaletewa mpya, mpaka leo kimya. Kwenye slipu ya mshahara NSSF inakatwa kila mwezi ila kuna jamaa wa sauti alienda kuangalia michango yake akakuta miezi kibao haijaingia, mimi ya kwangu naogopa hata kwenda kuangalia.

Halafu kuna hili jingine. Studio yetu ya habari wamefunga zile kamera za kuendesha kwa mbali, mtu mmoja anakaa mezani na kijoistiki chake anaziendesha zote tatu. Zamani tulikuwa tunasimama watu watatu kila shifti. Wawili mikataba yao haikuendelezwa. Mimi nimepona kwa sababu mara nyingi napangwa nje na gari la OB, lile la kurushia matangazo ya nje, mechi, matamasha, ibada za sikukuu, ila kila mkutano ukiitishwa moyo unanidunda.

Wikiendi kama sina mechi napiga deiwaka kwenye harusi. Kuna bro mmoja ana kampuni yake ananiita, vifaa vyote vyake, ananipa laki moja kwa siku. Hiyo siku sasa, tunaanza saa nne asubuhi saluni kwa bibi harusi na tunatoka ukumbini saa saba usiku. Juzi kwa bahati nikaona invoisi aliyompa mteja, imeandikwa 1,200,000. Dada iliniuma, yaani milioni na laki mbili afu mimi niliyesimama siku nzima napata laki.

Mshkaji wangu tuliyesoma naye anasema mimi ndo najichelewesha, kwamba nikiwa na kamera yangu hiyo milioni na mbili inakuwa yangu. Anataka ninunue Sony FX3 na lenzi yake. Kuna sehemu amenipeleka wanakopesha milioni 8, unarudisha 960,000 kila mwezi kwa miezi 12, dhamana wanataka karatasi za mauziano za kiwanja changu cha Chanika. Kile kiwanja ndo kitu pekee nilichonacho. Mke wangu hataki hata kusikia. Na binamu yangu aliyeko Minneapolis kila tukiongea ananiambia huko kameramani anapata zaidi ya dola elfu 60 kwa mwaka, nikisikia hivyo naona kama ninapoteza umri wangu hapa.

Wengine mtaani wanasema kazi yenyewe imekufa, siku hizi kila mtu ana simu. Naomba uniambie dada, hii kazi ina mbele kweli? Niache nijiajiri? Huo mkopo nichukue? Na kama nitapiga zangu, nichaji shilingi ngapi?

Kameramani wa Tabata


Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana wewe na mama kijacho.

Huo mkopo usisaini. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu ila karatasi za Chanika zikishatoka mikononi mwako hazisubiri. 960,000 mara 12 ni 11,520,000, yaani kwa milioni 8 unayopewa unawarudishia na 3,520,000 juu yake. Hiyo ni kausha damu hata kama ofisi yao ina viyoyozi na binti wa mapokezi anakukaribisha maji.

Sasa twende kwenye ile invoisi iliyokuuma, maana naona hapo ndo mshkaji wako amekukamatia. Tuipasue. Laki moja yako, laki nyingine ya kameramani wa pili, mpiga picha za mnato tuseme laki na nusu, mtu wa kuediti laki na nusu, droni ya kukodi laki na nusu, gari na mafuta elfu 80, albamu na fleshi na hadidiski laki na nusu nyingine. Hapo imeshatoka 880,000. Bro wako amebaki na 320,000, na ndani ya hiyo kuna vocha za kufukuzana na wateja mwezi mzima, kuna kamera inayochakaa, na kuna ile hatari ambayo wewe deiwaka huioni, salio kutolipwa. Badilisha tarakimu kwa unavyozijua wewe huko kazini, ila utaona haiondoki kwenye maeneo hayo sana. Kwa hiyo ukiwa na kamera yako kinachokuwa chako ni hiyo laki tatu na kitu, milioni na mbili yote haiwi yako hata siku moja.

Ukigawa 960,000 kwa 320,000 unapata harusi tatu kila mwezi za kulipa mkopo peke yake, hapo hujala. Ukiongeza ile 480,000 utakayokuwa umeiacha kwa mwajiri unahitaji harusi nne na nusu, sema tano, kila mwezi, mwaka mzima, bila kukosa. Na wewe huna jina bado, wateja wote unaowajua ni wa bro. Harusi za hapa kwetu nazo zina misimu yake na unaijua vizuri tu, Ramadhani hakuna, Kwaresma hakuna, mwaka 2025 hivyo vifungo viwili vilipishana siku chache mwanzoni mwa Machi na 2026 vikagongana tena katikati ya Februari. Yaani karibu mwezi na nusu kumbi za Dar zimetulia na marejesho yako yanadai tarehe ileile. Halafu hiyo Machi mpaka Mei ni masika, hata zile za bustanini watu wanasogeza mbele. Mtu atakayekupigia simu kuomba radhi kwa niaba ya mvua hayupo.

Na hilo la salio nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu nimeona vijana wazuri sana wa kamera wanaishiwa kwa kitu hiki hiki. Anayekulipa harusi Bongo mara nyingi si bwana harusi, ni kamati. Mwenyekiti anakupigia anabembeleza bei, mhazini anatoa advansi nusu, nusu nyingine "tutamalizana baada ya shughuli". Shughuli ikiisha kamati inavunjwa, michango iliyoahidiwa haijatimia, ukumbi na chakula na MC wameshachota chao, maharusi wako Zanzibar, wewe umekaa na mafaili ya saa kumi na tano kwenye hadidiski unampigia mhazini ambaye simu yake inaita tu. Kamwe usiingie ukumbini na salio linakudai mtu. Unaandika mapema kabisa kwenye makubaliano kwamba nusu ni siku ya kushika tarehe na nusu inakamilika siku tatu kabla ya harusi. Watalalamika. Waache walalamike, mwenye ukumbi anawafanyia hivyo hivyo na wanalipa.

Kama unataka kujaribu kazi zako mwenyewe, kodi kamera. Dar watu wa kukodisha wapo wa kutosha, unaikodi siku ile una kazi, na gharama yake unaiweka ndani ya bei ya mteja, siku huna kazi huna deni. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa, ndo utajua kama simu yako inaita kweli au ni mshkaji tu anaona inaita. Ukiona wateja wanakuja bila kubembelezwa na hela ya kukodi ni kubwa kuliko ungelipa kidogo kidogo kununua, hapo tuongee habari ya kununua. Na hata siku hiyo kuna hela isiyokausha mtu, nenda halmashauri yako ukaulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, vijana wametengewa asilimia 4, wanawake 4, watu wenye ulemavu 2, haina riba. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo kaa na huyo jamaa wa sauti, mtu wa kuediti, mtu wa taa, msajili kikundi. Inachosha, karatasi nyingi, afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuambia njoo kesho, ila kiwanja chako kinabaki chako.

Sasa kazi yenyewe. Umeniandikia barua ndefu ya mtu anayelia hana kamera na katikati umepitisha kwa sentensi moja kitu cha thamani kuliko hiyo FX3, kwamba unapangwa nje na gari la OB. Mdogo wangu, vijana wanaoweza kupiga video nzuri ya muziki na gimbal, kile kishikio cha kutuliza kamera, Dar hii wamejaa, na wanashushiana bei kila siku. Wanaoweza kukaa juu ya jukwaa la kamera namba moja wakapiga mechi dakika 90 bila dairekta kupandisha sauti ni wachache, tunaoandaa vipindi vya moja kwa moja tunawajua kwa majina.

Wewe unajua ninachosema. Kidole gumba cha kulia kwenye zumu, mkono wa kushoto kwenye fokasi, hedseti sikioni dairekta anaongea na watu wanane kwa mpigo na inabidi ulichuje jina lako tu, taa nyekundu ikiwaka juu ya kamera ujue nchi nzima inaona kupitia jicho lako. Mpira unapigwa mrefu, asiyejua anaukimbiza kwa zumu na picha inayumba, anayejua ameshafungua kidogo kabla mguu haujagusa mpira na ameacha nafasi mbele ya mshambuliaji. Goli likiingia mmoja anabaki na mfungaji, mwingine anaenda kwa kipa, mwingine benchi, hakuna anayeambiwa. Hicho kitu huwezi kukipata YouTube, unakipata kwa kukaa juani miaka, na wewe umekaa.

Na soko lake lipo, sisemi kwa kukufariji. TFF na Azam Media walisaini 2021 mkataba wa haki za Ligi Kuu wa miaka 10, bilioni 225.6. Ligi ya timu 16 ni mechi 240 kwa msimu, kutoka Chamazi mpaka mikoani, na kila mechi inayorushwa inahitaji watu wa kamera pale pale uwanjani. Agosti 2025 tulikuwa na CHAN pamoja na Kenya na Uganda, ikafunguliwa kwa Mkapa, na AFCON 2027 ni ya nchi hizi hizi tatu. Usijidanganye kwamba AFCON watakuja kukuchukua wewe uwe kamera namba moja, mashindano ya ukubwa ule huwa yanakuja na watu wao, ila wanahitaji wasaidizi, wavuta kebo, waendesha kamera za mikutano na waandishi, na vituo vyetu vyenyewe vitakuwa na studio na vipindi vya nje kila kona. Anayejulikana kabla ya 2027 ndo atakayeitwa.

Na si mpira tu. Makanisa makubwa ya mjini sa hivi yana kamera tano sita na wanarusha ibada kila Jumapili, wengi wanaotumika pale ni vijana wa kujitolea na wanahangaika hasa, mtu anayejua kuwapanga anathaminiwa na analipwa. Mikutano ya kumbi za JNICC hapa na AICC Arusha, semina za mashirika, mikutano mikuu ya wanahisa, zote siku hizi zinarushwa mtandaoni. Hizo zinalipa kwa siku na zinalipa kuliko harusi, ila wanataka karatasi: TIN, jina la biashara la BRELA, ankara iliyoandikwa vizuri. Watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani ukichaji laki tatu utapokea 285,000, usigombane nao, dai cheti cha zuio maana hiyo 15,000 inahesabika kwenye kodi yako mwisho wa mwaka. Wengi hawachukui hicho cheti, hela yao inapotea bure.

Zile kamera za kijoistiki zimekutisha na una haki ya kutishika. Zitaendelea kuja. Msomaji wa habari amekaa palepale, taa palepale, picha ni tatu zinazojirudia, mwenye kituo akipata kifaa cha kuendeshwa na mtu mmoja atakinunua tu. Kama ungekuwa wa studio peke yake ningekuambia anza kutafuta kingine leo. Uwanjani ni jambo jingine. Zipo pia kamera zinazofuata mpira zenyewe bila mtu, Ulaya wanazitumia kwenye mechi ndogo, na 2020 kule Scotland kwenye mechi ya Inverness Caledonian Thistle kamera ya namna hiyo ikawa inamfuata mshika kibendera mwenye kipara ikidhani kichwa chake ndo mpira, watu nyumbani wakakosa mchezo. Zimeboreka toka hapo na zitazidi kuboreka, kwa hiyo wewe nawe usigande kwenye kushika kamera tu. Ombea kukaa na kijoistiki chenyewe, ombea kukaa kwenye mikisa, meza ya kuchagulia picha inayoenda hewani, siku ya mechi ndogo, jifunze kamera inavyosawazishwa rangi kutoka ndani ya gari. Kama kuna mtu mmoja atakayebaki mezani pale, kwa nini asiwe wewe?

Kuhusu simu, ni kweli zimechukua kipaimara na besdei za mtaani, haziachii hizo. Ila mteja mwenye simu bado anakuja kwako siku anapotaka kitu kisiharibike, kwa hiyo uwe mtu ambaye kitu hakiharibiki mkononi mwake. Ukumbi una taa za LED zinapepesa kwenye picha, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50, hata deiwaka wengine wa miaka mingi hawalijui hili na wanatoa video inayocheza michirizi mwanzo mwisho. Rekodi sauti pembeni. Piga na ya wima kwa ajili ya mitandao bila kuombwa. Ukitaka kununua kitu mwaka huu nunua maiki nzuri ya kubana kwenye koti na rekoda yake, haitakugharimu kiwanja na itakufanya uitwe.

Bei sasa. Umezoea kuuza siku, ila siku yako umeiuza bila kuipima. Saa nne asubuhi mpaka saa saba usiku ni masaa 15, laki gawa kwa 15 ni kama 6,700 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki kwa muajiriwa, ya ziada ni mara moja na nusu. Wewe kwa bro si muajiriwa, sawa, ila chukua kipimo hicho hicho, siku iwe masaa 10, ikizidi kila saa ina bei yake, chakula chao, na usafiri wa kurudi ikipita saa sita usiku uwe juu yao. Mwambie bro kwa heshima na umwambie kabla ya msimu, usimwambie asubuhi ya harusi mkiwa saluni.

Kujua sakafu yako, andika nyumbani mnahitaji kiasi gani kwa mwezi na mtoto akishakuja, ukae na mkeo muandike wote, msidanganyane. Tuseme ni 900,000. Halafu jiulize kwa ukweli kabisa kwa mwezi unapata siku ngapi za kuitwa, usihesabu mwezi wa Desemba. Kama ni nane, 900,000 gawa kwa 8 ni 112,500. Hiyo ni ya mwili wako peke yake, bila kamera. Ukikodi kamera, inaongezeka juu. Chini ya hapo hukatai kila mtu, kuna kazi za kujitangaza na kuna ndugu, ila unajua kwamba hiyo siku unajilipia mwenyewe. Na kazi ya moja kwa moja ya kamera nyingi uichaji zaidi ya harusi, kwa sababu haina marudio.

Tamthilia nazo, Sinema Zetu, Maisha Magic Bongo na nyingine, zina kazi za mfululizo, ila kabla hujakubali uliza wanalipa kwa siku, kwa epizodi au kwa mwezi, na siku moja wanapiga sini ngapi. Kuna seti zinakamua mtu mpaka anaumwa mgongo.

Binamu yako wa Minneapolis hajakudanganya. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kameramani wa katikati kule, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, anapata zaidi ya dola elfu 60 kwa mwaka. Ila muulize pia kodi ya nyumba na bima ya afya, na muulize 2023, waandishi wa filamu waligoma kuanzia Mei, waigizaji wakafuata Julai mpaka Novemba, na watu wa kamera ambao hawakuwa na ugomvi na mtu wakakaa nyumbani miezi bila kazi. Kitu wanachotuzidi sana ni chama, kule chama kinaweka kima cha chini cha siku na masaa ya kupumzika kati ya kazi na kazi. Sisi kila mtu anabembelezwa kivyake. Hata ninyi kumi mnaopiga OB hapa Dar mkikaa mkakubaliana bei ambayo hakuna anayeshuka, mtashangaa.

Kazini kwako usiache bado. Mshahara wa 480,000 unaochelewa ni bora kuliko sifuri wakati mama yuko miezi sita, na pale ndo unapata mechi zinazokujenga. Ila usikae kinyonge. Mkataba kuisha na wewe ukaendelea kufanya kazi hakukufanyi mtu wa kufukuzwa kama mpita njia, kanuni za ajira za 2007 zinatambua kwamba mkataba wa muda maalumu unaweza kuhuishwa wenyewe pale mfanyakazi anapoendelea na kazi. Tunza slipu zote, ratiba za shifti, meseji za kupangiwa mechi. NSSF nenda, kuogopa hakusaidii. Chukua kitambulisho chako uombe taarifa ya michango. Jumla inatakiwa asilimia 20, na wewe hukatwi zaidi ya 10, mwajiri anayekata na hapeleki anavunja sheria na NSSF wenyewe ndo wanaomdai. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, kila mwezi usioingia unakurudisha nyuma. Nendeni watu watano au sita siku moja mkapeleke malalamiko, asiende mmoja akanyooshewa kidole. Na mtoto akizaliwa una siku zako tatu za likizo ya baba zenye malipo, omba kwa maandishi.

Siku ukiamua kuondoka, na naona itafika, ondoka kwa notisi ya siku 28 kwa barua, dai malipo ya likizo ambayo hukwenda na dai cheti cha utumishi. Wakikuachisha wao bila utaratibu una siku 30 za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai mengine kama mishahara ni siku 60, zikipita unaanza kuomba huruma. Kabla ya yote hayo anza kukusanya kazi zako sasa hivi, muombe dairekta wako ruhusa ya vipande vya mechi ulizopiga, tengeneza kitu cha dakika moja na nusu kisichozidi, kisha mtumie kila dairekta wa OB unayemjua namba yako na sentensi moja: napatikana siku fulani na fulani, napiga kamera namba moja na mbili, bei yangu kwa siku ni hii.